Posta Yetu Imefungwa, Askari Wamekwenda Wapi? Hesabu ya Kugawa Polisi Uganda

Pale Busia, upande wa Uganda, kuna kibanda cha chai ambako madereva wa malori hungoja karatasi zao za forodha. Lugha ya kibanda ni Kiswahili, maana benchi moja huweza kukalisha Msamia, Mteso, Mganda, Mkenya wa ng'ambo na dereva aliyeondoka Mombasa jana. Asubuhi moja ubishi uliangukia posta ya polisi iliyofungwa kijiji cha jirani. Mama mwenye kibanda alisema askari wamepelekwa Kampala kulinda wakubwa. Kijana wa bodaboda akakataa: wako Karamoja wanafukuza wezi wa ng'ombe. Mzee mmoja, aliyekuwa anachovya mandazi yake polepole, akasema Umoja wa Mataifa umeagiza askari mmoja kwa watu 450, kwa hiyo serikali inavunja sheria. Wa nne akauliza kwa nini wilaya ilitoa vijana waende Kabalye, depo ya mafunzo ya polisi, na hakuna hata mmoja aliyerudi kutulinda.

Ubishi ulinoga mpaka chai ikapoa. Nilichokiona ni kwamba watu wanne walikuwa wanajibu maswali manne tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake ni mbishi tu. Neno lililowachanganya ni "haki". Askari wagawiwe kwa haki: hapo hakuna anayepinga. Tatizo ni kujua haki hiyo inapimwa kwa kijiko gani.

Tuanze na maneno

Ofisini kuna neno "ikama": idadi ya watumishi ambayo kituo kinatakiwa kuwa nayo kwenye karatasi. Halafu kuna waliopangiwa kituo, yaani majina yaliyopo kwenye orodha ya kituo. Kisha kuna walio zamu, ambao ukifika kaunta saa hii utawakuta macho, wamevaa sare, na kalamu yao inaandika.

Ni kama harusi. Kadi zimegawiwa 300, waliofika ni 180, na waliobaki kukunja viti ni sita. Waziri akisimama bungeni hutaja kadi. Mwananchi aliyeibiwa mbuzi anawajua wale sita. Wote wawili wanaweza kusema kweli na bado wasielewane.

Juu ya hayo kuna jambo la nne ambalo huchanganywa sana na mgawo, nalo ni uandikishaji. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 214, inalitaka Bunge litunge sheria za kuhakikisha polisi wanaandikishwa kutoka kila wilaya ya nchi. Ndiyo maana nafasi zikitangazwa, kila wilaya huwa na fungu lake. Lakini ibara hiyo inahusu mlango wa kuingilia. Haisemi kijana wa Busia akimaliza mafunzo arudishwe Busia.

Kwa nini asirudishwe? Historia inajibu kwa sehemu kubwa. Polisi wa Uganda waliundwa mwaka 1906 chini ya Waingereza, na wakoloni walipenda kuandikisha vijana wa kaskazini na mashariki, kisha kuwapeleka kusimamia watu wa kwingine. Polisi na jeshi vikaonekana kuwa mali ya makabila fulani, na kila utawala ulipobadilika baada ya uhuru, kabila la askari likawa jambo la kufa na kupona. Fungu la kila wilaya lilikusudiwa kuponya kidonda hicho, ili ukitazama gwaride uone nchi nzima.

Sababu ya pili ni ya nyumbani zaidi. Askari aliyepangiwa kijijini kwao ana shemeji, ana mjomba mwenye kesi ya shamba, ana rafiki wa utotoni anayepika waragi. Siku ya kumkamata mjomba ataumwa tumbo. Kumpeleka mbali kunampunguzia deni la undugu.

Lakini kuna gharama, na hapa sikubaliani na wanaoimba kwamba uhamisho ni dawa tupu. Askari kutoka Kisoro akipangiwa Moyo, hajui Kimadi, lugha ya huko. Kiswahili humvusha; ndicho kilichokuwa lugha ya kambi tangu zamani, kikaingizwa katika Katiba mwaka 2005 kama lugha rasmi ya pili. Ila bibi aliyebomolewa nyumba anaeleza kwa Kimadi, mkalimani ni kijana aliyekuwa anapita njia, na maelezo yanayofika mahakamani yamepitia lugha tatu. Kesi nyingi hulegea hapo hapo. Na kwa wazee wa Buganda waliopitia miaka ya sabini na themanini, Kiswahili kilikuwa sauti ya mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani. Askari anasema "mama, njoo", mama anasikia amri.

Kiti kimoja kinakula watu wangapi?

Sasa turudi kwenye posta. Miaka michache iliyopita nilikwenda posta moja kuripoti baiskeli iliyoibwa. Sitaitaja posta hiyo, askari wake hakunikosea. Ilikuwa vyumba viwili vya kupanga, mlango wa mbao, paneli ndogo ya sola juu ya bati na simu nne za wanakijiji zikichaji dirishani. Askari alikuwa mmoja, amevaa shati la sare na kandambili, bunduki imelala mapajani. Aliandika malalamiko yangu kwenye kitabu cha OB, daftari la matukio la polisi, kwa mwandiko mzuri kweli. Nikamwambia mwizi tunamjua, yuko trading center, dakika ishirini kwa miguu. Akagonga kitako cha bunduki kwa kidole: "Ndugu yangu, nikitoka hapa, hii nitamwachia nani?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Hesabu niliielewa baadaye.

Wiki ina saa 168. Askari akifanya kazi saa nane kwa siku, siku sita, anatoa saa 48. Gawanya 168 kwa 48, unapata watu watatu na nusu. Hao ni wa kukalia kiti kimoja bila kiti kuwa tupu hata saa moja, kwa sharti kwamba hakuna anayeugua, anayefiwa, anayekwenda likizo, anayeitwa mahakamani kutoa ushahidi wala anayepelekwa kozi. Ukiingiza hayo, kiti kimoja kinahitaji watu wanne na nusu hivi, pengine watano.

Basi posta yenye askari watatu haiwezi kujaza hata kiti kimoja usiku na mchana. Kinachofanyika ni kwamba mmoja analala humo humo na bunduki, mwingine amekwenda wilayani kufuata mshahara au mafuta, na wa tatu yuko mahakamani. Kwenye karatasi kijiji kina polisi. Kwa vitendo kina mlinzi wa bunduki.

Na bunduki hiyo ni chambo. Oktoba 2022 watu wenye silaha walivamia kituo cha Busiika, wilayani Luweero, wakaua askari na kuondoka na bunduki. Mashambulizi ya namna hiyo ndiyo yaliyokoleza mpango ambao sasa unawachanganya wengi: polisi wa gombolola. Gombolola, ambayo wengine huiita sabukaunti, inapata kituo kimoja chenye askari wasiopungua 18, na posta ndogo ndogo zinafungwa ili watu wake wakusanywe pale. Namba 18 inaeleweka ukifuata hesabu ya viti: kaunta mmoja, ghala la silaha na mahabusu mmoja, doria wawili. Viti vinne mara nne na nusu ni 18.

Kwa hiyo jibu kwa mama wa kibanda ni kwamba, kwa mpango huo, askari wa posta iliyofungwa wanatakiwa wawe gombololani, si Kampala. Ni haki yake kuuliza kama wamefika kweli.

Hapa ndipo ubadilishanaji ulipo, na afadhali usemwe wazi. Posta ilikupa ukaribu bila uwezo. Kituo cha gombolola kinakupa uwezo bila ukaribu. Kituo cha watu 18 kilicho kilomita 12 kutoka kwako, chenye pikipiki na mafuta, ni bora mara kumi kuliko askari mmoja wa kandambili aliye jirani. Kituo hicho hicho bila mafuta ni kibaya kuliko posta, kwa sababu sasa hata yule wa kuandika OB hayupo karibu. Mpango mzima unaning'inia kwenye tangi la pikipiki, na matangi hayahesabiwi kwenye hotuba.

Kuna na hesabu kubwa nyuma yake. Uganda ina magombolola zaidi ya 2,100. Zidisha kwa 18, unakaribia askari 38,000. Chukua kwamba jeshi zima la polisi lina askari 50,000, namba ya kukadiria tu kwa ajili ya hesabu yetu. Wanabaki 12,000 wa trafiki, zimamoto (ambao Uganda ni sehemu ya polisi), makao makuu ya upelelezi, wanamaji wa maziwa, kikosi cha kuzuia wizi wa mifugo, kutuliza ghasia, polisi wa mafuta na gesi, polisi wa watalii, walinzi wa Bunge na wa watu mashuhuri, wakufunzi wa depo. Haiwezi kutosha kwa siku moja. Kila gombolola likijazwa, mahali fulani patapungua, na kila kikosi kipya kinachozinduliwa kwa mbwembwe kinachota kutoka pipa lile lile.

Ugali mmoja, sahani nyingi

Tuseme wewe ndiye unayegawa. Nchi ina wilaya 135, majiji 10, na Kampala. Njia rahisi kuliko zote ni sawa kwa sawa: kila wilaya ipate fungu lile lile. Wanasiasa wengi huipenda njia hii bila kuitaja kwa jina, kwa sababu kila wilaya mpya inayokatwa huja na kamanda wake wa polisi, yule DPC, pamoja na ofisi, gari na dereva. Lakini sensa ya 2024 iliikuta Wakiso ina watu wapatao milioni 3.4, na ziko wilaya ambazo hazifiki hata laki moja. Kuzipa fungu sawa ni kama kumpikia kaka wa miaka ishirini na mtoto anayenyonya, ukawapakulia kiasi kilekile cha ugali kisha ukajisifu kwa usawa.

Basi gawa kwa vichwa. Inaonekana ni haki mpaka uweke Kampala na Karamoja kwenye mizani. Kampala ilihesabiwa watu kama milioni 1.8, Karamoja nzima kama milioni 1.5. Kwa vichwa hazipishani sana. Sasa tazama ardhi: Kampala ni kilomita za mraba 189 hivi, Karamoja ni zaidi ya 27,000. Karamoja ni Kampala zaidi ya 140. Askari wa Kampala akiitwa, kikwazo chake ni foleni ya magari. Wa Kaabong, huko Karamoja, akiambiwa ng'ombe wamechukuliwa usiku, kikwazo chake ni siku nzima ya kutembea. Ukigawa kwa vichwa peke yake, umemwambia Mkaramojong kwamba umbali ni kosa lake.

Vichwa vina hila nyingine. Sensa humhesabu mtu alipolala. Mchana Kampala hufurika watu wa Wakiso na Mukono wanaokuja masoko ya Kikuubo na Owino na maofisini, halafu jioni wanarudi. Polisi walilijua hili zamani; ndiyo sababu eneo la Kampala na majirani zake linasimamiwa kwa pamoja kama polisi wa jiji kuu, likigawanywa Kaskazini, Kusini na Mashariki. Mpakani ni vivyo hivyo: Busia na Malaba zina wenyeji wachache kuliko vurugu zinazopita humo kila siku. Na kambi ya Bidibidi kule Yumbe ina wakimbizi zaidi ya laki moja, idadi inayotosha kuitwa mji.

Tufuate kesi, basi: palipo na uhalifu mwingi pawe na askari wengi. Hii inasikika kama akili ya kawaida, na polisi huchapisha ripoti ya uhalifu kila mwaka, ile ya 2024 ikiwa na kesi zinazokaribia 219,000 nchini kote. Ila hizo ni kesi zilizoripotiwa. Ukiishi kisiwani Kalangala, wilaya yenye visiwa 84, na kuripoti wizi wa nyavu kunahitaji nauli ya mtumbwi inayozidi bei ya nyavu, hutaripoti. Kitabu cha OB kitabaki cheupe, makao makuu watasema huko kuna amani, na askari watapelekwa kwingine. Mwaka ujao kitakuwa cheupe zaidi. Kesi hupima kituo kabla hazijapima uhalifu. Fungua kituo kipya mahali na utaona "uhalifu umeongezeka", kumbe kilichoongezeka ni kaunta ya kuuandika.

Halafu kuna hatari ambayo haina historia kwenye daftari. Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari Mpondwe, karibu na mpaka wa Congo, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hakuna jedwali la wizi wa kuku ambalo lingekuambia usiku ule uimarishe ulinzi pale. Hatari ya namna hiyo inapimwa kwa taarifa za kiintelijensia, kwa ukaribu wa mpaka na msitu, na kwa kubahatisha kwa busara. Ndiyo maana makamanda hawatakubali kamwe kufungwa na fomula moja, nami siwalaumu kwa hilo. Ninachowalaumu ni kwamba uhuru huo huo ndio mlango ambao mkubwa mwenye simu hupitia kuomba askari wawili zaidi wa getini.

Kwa hiyo wagawaji makini hufanya kama mpishi: watu kiasi hiki, eneo kiasi hiki, kesi kiasi hiki, hatari kiasi hiki, vyote chungu kimoja. Uzito wa kila kiungo ni uamuzi wa siasa, hata ukipakwa rangi ya hisabati. Msidhani wenzetu wameshamaliza. Uingereza na Wales hugawa fedha za polisi kwa fomula, na mwaka 2015 serikali ilijaribu kuleta mpya. Ikalazimika kuisimamisha baada ya kugundulika kwamba takwimu zilizotumika hazikuwa sahihi. Ofisi ya kamishna wa polisi wa Devon na Cornwall ndiyo iliyopiga hesabu ikaona mambo hayalingani.

Askari hagawanyiki nusu

Kuna kero moja inayosababisha ugomvi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Askari ni mtu mzima, huwezi kumkata vipande.

Chukua magombolola matatu: la kwanza lina watu 43,000, la pili 43,000, la tatu 14,000. Jumla ni laki moja. Wilaya imepata wapelelezi 10. Kwa vichwa, mawili makubwa yanastahili 4.3 kila moja na dogo 1.4. Unatoa namba kamili kwanza: 4, 4 na 1. Amebaki mpelelezi mmoja. Nani ana kipande kikubwa kilichobaki? Dogo, lenye 0.4 dhidi ya 0.3. Linapewa mpelelezi huyo. Mgawo: 4, 4, 2. Kila mtu anapiga makofi.

Mwezi ujao habari njema: wilaya imeongezewa mpelelezi, sasa ni 11. Piga tena. Makubwa yanastahili 4.73 kila moja, dogo 1.54. Namba kamili ni 4, 4 na 1, wamebaki wawili. Vipande vikubwa sasa viko kwa yale makubwa mawili. Mgawo: 5, 5, 1.

Wilaya imeongezewa mtu, na gombolola dogo limepoteza mmoja. Mwenyekiti wa LC3, yaani baraza la gombolola, akisimama kwenye mkutano kusema "tumeibiwa", utamwambia nini? Hakuna aliyeiba, kanuni ilifuatwa ile ile mara zote mbili. Marekani waliingia shimo hili katika kugawa viti vya Bunge kwa majimbo, wakitumia kanuni iliyobuniwa na Alexander Hamilton: mwaka 1880 ilionekana kwamba viti vikiongezwa kutoka 299 hadi 300, jimbo la Alabama lingeshuka kutoka viti 8 hadi 7. Ziko kanuni nyingine zisizo na kichaa hiki, ila zina vya kwao. Kwa gombolola dogo dawa ya kawaida ni kuweka sakafu: asiwepo anayepata chini ya idadi fulani hata hesabu isemeje. Wale 18 ni sakafu ya aina hiyo.

Hadithi za kibandani

Sasa ule mmoja kwa 450. Nimeusikia redioni, nimeusikia kwa wabunge, na kila mara unaambatana na Umoja wa Mataifa. Ukweli ni kwamba hakuna kiwango rasmi cha Umoja wa Mataifa kinachoiagiza nchi iwe na askari mmoja kwa watu idadi fulani. Kilichopo ni takwimu za kulinganisha nchi: zile za mwaka 2006 zilionyesha nchi ya katikati ilikuwa na askari wapatao 300 kwa kila watu laki moja, sawa na mmoja kwa 333 hivi. Hayo ni maelezo ya hali ilivyo, kama kusema urefu wa kawaida wa wanaume ni fulani. Haimaanishi mfupi kavunja sheria. Kwa hesabu yetu ya askari 50,000 na Waganda milioni 45.9 wa sensa, tunapata mmoja kwa watu zaidi ya 900. Ni wachache, bila ubishi. Mzee wa mandazi alikosea chanzo, upungufu hakuukosea.

Kwamba Kampala inawala wote? Nusu kweli. Jiji lina makao makuu, Bunge, balozi, mahakama kuu na wakubwa, na askari wa huko wengi hawamlindi mkazi wa kawaida. Mtu wa Bwaise, mtaa wa Kampala, anaweza kuwa na "askari wengi jijini" huku kituo chake cha karibu kikiwa na viti vile vile vitupu kama Busia. Ukitaka kulinganisha kwa haki, toa kwanza walinzi wa mageti, ndipo ugawe.

Na ile ya kwamba askari wakiongezeka uhalifu unapungua? Kansas City, Marekani, mwaka 1972 na 1973 walijaribu: sehemu nyingine za mji wakaondoa doria ya kawaida ya magari, nyingine wakaiongeza mara mbili au tatu, nyingine wakaiacha ilivyo. Uhalifu haukutofautiana kwa maana. Katika mji wa Minneapolis, huko huko Marekani, uchunguzi ulikuta asilimia 3 hivi tu ya anwani ndizo zilizotoa nusu ya simu zote za kuita polisi. Kwa lugha ya kwetu: wilaya nzima inaweza kuwa tulivu isipokuwa stendi ya mabasi, baa mbili na kona moja ya barabara ya kwenda mtoni. DPC akitawanya askari wake 60 kama anayemwaga mbegu, hata Kampala ikimwongezea 20 hutaona kitu. Mgawo wa kitaifa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine inaamuliwa kila asubuhi, gwaride la saa moja, na OC, mkuu wa kituo, mwenye daftari la zamu.

Mama wa kibanda alinisikiliza mpaka hapo huku anakaanga chapati, kisha akaniambia hesabu zangu ni nzuri lakini yeye ana swali moja: akipigia 999 saa nane ya usiku, watafika saa ngapi? Nikamwambia hilo ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi hiyo, kwa sababu limebeba ikama, zamu, umbali na mafuta kwa pamoja, na baraza la usalama likiitishwa aulize hivyo hivyo.

Kijana wa bodaboda akadakia. Kituo cha gombolola kiko kilomita 11, barabara si mbaya. Pikipiki ipo, aliisukuma yeye mwenyewe juzi. Ila mafuta ya mwezi huisha tarehe kumi na tano.

"Na leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Mama akageuza chapati.